Kikohozi Kikiwa Bado Nyumbani

   Mada ya leo inagusa kila nyumba, hapa mjini Moshi na juu migombani, msimu wa baridi unapoingia, ukungu unaposhuka hadi barazani na watoto wanapoanza kuambukizana mafua. Mtu ameamka na homa, anakohoa, viungo vinamuuma. Hajafika hospitali, na pengine hana haja ya kufika. Je, afanyiwe nini akiwa bado nyumbani?

Swali hilo lilipata uzito mpya wakati wa UVIKO-19, yaani korona. Wengi waliougua walipona kwao, kitandani kwao, wakinyweshwa uji na mtori. Wengine walikaa nyumbani hivyo hivyo, wakinywa hiki na kumeza kile, mpaka siku walipofikishwa mapokezi ya hospitali hawawezi kumaliza sentensi moja bila kuhema. Tofauti ya makundi hayo mawili haikuwa dawa peke yake. Mara nyingi ilikuwa ni kama kuna mtu aliyekuwa akimwangalia mgonjwa kwa mpangilio.

Turudi nyuma kidogo. Tarehe 16 Machi 2020, Waziri wa Afya wa wakati huo, Ummy Mwalimu, alitangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Tanzania. Alikuwa mwanamke Mtanzania aliyewasili siku moja kabla kutoka Ubelgiji, akashukia Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Kilimanjaro, KIA. Kwa hiyo mgonjwa wa kwanza kutangazwa alipitia uwanja huu huu ulio kati ya Moshi na Arusha. Mapema Mei takwimu za taifa zilisimama kwenye wagonjwa 509 na vifo 21, na ulipita zaidi ya mwaka kabla hazijaanza kutolewa tena. Ugonjwa wenyewe haukusimama. Mitaani watu walisema fulani ana nimonia, fulani ana changamoto ya upumuaji, na kila familia ikawa inatafuta tiba kwa kusikia kwa jirani.

Ndipo nyungu ikarudi. Sufuria kubwa jikoni, majani ya mkaratusi, mchaichai, mwarobaini, tangawizi iliyopondwa, malimao yaliyokatwa pamoja na maganda yake, mgonjwa akae juu ya kigoda, afunikwe blanketi, avute mvuke mpaka jasho limtiririke. Mei 2020 serikali ilimtuma Waziri wa Mambo ya Nje, Palamagamba Kabudi, kwenda Madagascar kuchukua kinywaji cha mmea wa artemisia. Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, NIMR, nayo ilitoa mchanganyiko wake wa tiba lishe ulioitwa NIMRCAF. Watu walikuwa na hofu, na walishika kilichokuwa karibu na mikono yao. Hakuna haja ya kumcheka yeyote.

Lakini lazima lisemwe wazi. Mvuke hulainisha makohozi, hufungua pua, humpa mgonjwa faraja. Hauui kirusi, kwa sababu kirusi kimo ndani ya chembe hai za mwili, mahali ambapo joto la sufuria halifiki bila kumuunguza mtu kwanza. Na kweli huunguza: sufuria ya maji yanayochemka chini ya blanketi, karibu na mtoto au mzee mwenye kizunguzungu, ni ajali inayosubiri mguso mmoja tu. Mzee ambaye tayari anahema, ukimfunika gubigubi, unamwongezea tabu.

Kasoro kubwa zaidi ilikuwa hii: kwa siku tatu au nne nyumba nzima ilishughulika na sufuria, na hakuna aliyehesabu pumzi za mgonjwa. Hilo lishikeni, wasikilizaji, tutalirudia.

Kuna tatizo jingine, la zamani kuliko korona. Huku kwetu, homa ikianza, neno la kwanza mdomoni ni malaria. Je, ni kweli? Watafiti waliokuwa wakifanya kazi hapa hapa Moshi waliwafuatilia wagonjwa 870 waliolazwa kwa homa katika hospitali za KCMC na Mawenzi, kati ya mwaka 2007 na 2008. Zaidi ya nusu yao, wagonjwa 528, walidhaniwa na waliowapokea kuwa wana malaria. Vipimo vya maabara vilipokuja, waliokuwa na malaria kweli, katika wote 870, walikuwa 14.

Kumi na wanne! Waliobaki walikuwa na mambo mengine kabisa, na wengine walikuwa na magonjwa ambayo hakuna aliyeyafikiria.

Mwaka 2008 pia, huko Dar es Salaam na Ifakara, watoto zaidi ya elfu moja waliofika kliniki kwa homa na kurudi nyumbani siku hiyo hiyo walichunguzwa kwa kina. Wengi wao walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na katika kundi zima virusi ndivyo vilivyoonekana mara nyingi zaidi. Miongoni mwa hao wenye maambukizi ya njia ya hewa, nimonia iliyothibitishwa kwa picha ya eksirei ilikuwa kwa watano tu katika kila mia. Maana yake ni kwamba mtoto mwenye homa na kikohozi, kwa kawaida, hana malaria na wala hahitaji antibayotiki. Anahitaji kupimwa malaria ili iondolewe shaka, kisha anahitaji maji, chakula, dawa ya kushusha homa, na mtu mzima wa kumtazama anavyopumua.

Sasa twende dukani. Nani hapa hajawahi kuingia duka la dawa, akasema tu, "Nina kikohozi na kifua kinabana," akatoka na mfuko wa vidonge? Watafiti walituma watu waliojifanya wateja kwenye maduka ya dawa zaidi ya 80 katika Manispaa ya Moshi, na matokeo yake yalichapishwa mwaka 2018. Zaidi ya mara tisa katika kila kumi, antibayotiki ilitolewa bila cheti cha daktari. Muuzaji si adui. Mteja naye hana nauli ya kwenda hospitali na anataka apone kesho. Hata hivyo ukweli haubadiliki. Antibayotiki huua bakteria, haigusi kirusi. Amoksilini haigusi mafua. Azithromaisini, ile ambayo wengi waliimeza kipindi cha korona kana kwamba ni kinga, ilifanyiwa jaribio kubwa nchini Uingereza kwa wagonjwa waliokuwa nyumbani, jaribio la Chuo Kikuu cha Oxford liitwalo PRINCIPLE. Mapema mwaka 2021 jibu lilitoka: haikuwaharakishia watu kupona.

Kwa kuwa tumefika kwenye majaribio, tukae hapo kidogo, maana hapo ndipo maneno mengi yalipopotoshwa. Wazo la kumtibu mgonjwa mapema, kabla hajalazwa, ni wazo zuri na la busara. Ukikiwahi kirusi siku za mwanzo kinapozaliana, huenda ukazuia madhara ya baadaye. Tatizo lilikuwa ni dawa gani. Klorokwini, ambayo wazee wetu wanaikumbuka kwa uchungu wake na kwa kuwasha ngozi, ilisifiwa dunia nzima mwaka 2020 pamoja na ndugu yake haidroksiklorokwini. Majaribio makini yakaonyesha haisaidii. Ivamektini, ambayo Watanzania wanaijua kwa usubi, matende na upele, ilijaribiwa Brazil kwa wagonjwa zaidi ya 1,300 waliokuwa bado hawajalazwa. Matokeo yalitangazwa Machi 2022: waliopewa ivamektini hawakuepuka hospitali kuliko wasiopewa.

Afrika nayo haikukaa kusubiri. Novemba 2020 ulitangazwa mpango ulioitwa ANTICOV, wa nchi 13 za bara hili, zikiwemo majirani zetu Kenya, Uganda na Kongo, kwa ajili ya kutafuta dawa ya kumpa mgonjwa wa korona angali na dalili nyepesi. Madaktari wa huku waliuliza swali lililowahusu watu wa huku: katika nchi yenye vitanda vichache vya wagonjwa mahututi, tufanyeje ili mtu asifike huko? Tanzania haikuwa katika orodha hiyo, na ni jambo la kusikitisha, kwa sababu hospitali kama KCMC na ile ya Kibong'oto kule Siha, iliyoanza mwaka 1926 kwa ajili ya kifua kikuu na leo ni hospitali maalumu ya magonjwa ya kuambukiza, zina watu wenye ujuzi wa kazi hiyo.

Je, kuna dawa iliyosaidia? Ipo. Budesonaidi ya kuvuta, ambayo wenye pumu wanaifahamu, katika jaribio lile la Oxford iliwafanya wagonjwa wenye umri mkubwa wapone siku takriban tatu mapema. Baadaye vikaja vidonge vya kuzuia kirusi vinavyojulikana kwa jina la Paxlovid, ambavyo Shirika la Afya Duniani lilivipendekeza kwa nguvu mwezi Aprili 2022 kwa wagonjwa wenye dalili nyepesi walio katika hatari kubwa: wazee, wenye kinga dhaifu, ambao hawajachanjwa. Masharti yake ni mawili. Vianze kumezwa ndani ya siku tano tangu dalili zianze. Na daktari ajue dawa zote ambazo mgonjwa anatumia, kwa sababu vinagombana na nyingi, ikiwemo rifampisini ya kifua kikuu. Kwa nchi nyingi za Afrika vidonge hivyo vilichelewa na vilikuwa adimu, na ni dhuluma ya wazi. Hata homa ya mafua ya kawaida, ile influenza, inayo dawa yake, na yenyewe hufanya kazi vizuri ikianza ndani ya saa 48.

Mmeona jambo linalojirudia? Siku tano. Saa 48. Kila dawa ya kirusi iliyofaa inauliza swali lile lile: leo ni siku ya ngapi? Na ndilo swali ambalo familia nyingi hushindwa kulijibu. "Ameanza juzi juzi tu," watasema. Juzi juzi ni lini?

Halafu iko dawa ambayo ni nzuri sana ikitolewa kwa wakati wake, na ni hatari nje ya wakati huo. Deksamethazoni. Juni 2020 ilionekana kuokoa maisha ya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia na waliokuwa wakipewa oksijeni. Kwa wasiohitaji oksijeni haikuonyesha faida yoyote. Sababu ni kwamba dawa za kundi hili hupunguza makali ya kinga ya mwili. Zinafaa pale kinga yenyewe inapogeuka na kuushambulia mwili, si siku ya pili ya mafua mwili unapopambana na kirusi. Na zinapandisha sukari, katika mkoa huu wenye wazee wengi na wagonjwa wengi wa kisukari na presha. Kwa hiyo yule anayemnunulia mama yake "deksa" au prednisoloni dukani siku ya kwanza ya kikohozi, kwa mapenzi mema kabisa, anaweza kuwa anamdhuru.

Basi kama dawa za kuaminika ni chache, nini kifanyike nyumbani? Wasikilizaji wengi wanaoishi kwa kazi ya mlima wana jibu, na pengine hawajui kama wanalo.

Mwongoza watalii wa Kilimanjaro, jioni pale kambini Horombo, mita 3,720 juu ya usawa wa bahari, anaingia kwenye bwalo la chakula na kifaa kidogo kama kibanio cha nguo. Ni oksimita. Anakibana kwenye kidole cha mgeni, anasubiri namba zitulie, anaandika kwenye daftari: oksijeni asilimia kadhaa, mapigo ya moyo kadhaa. Anauliza, kichwa kinauma? Umekula? Umelala? Asubuhi anarudia. Hatazami namba moja. Anatazama namba zinaelekea wapi. Jana 90, leo asubuhi 86, jioni 79, na mgeni anayumba akitembea: huyo hapandi tena, anateremshwa, hata kama ni usiku na hata kama amelipa fedha nyingi kufika kilele cha Uhuru. Waongozaji wazoefu wanajua kwamba mgonjwa wa mlimani huwa wa mwisho kukubali kuwa anaumwa.

Mgonjwa wa korona naye alikuwa hivyo. Madaktari waliwaona watu wameketi, wanaongea, wanajibu simu, kumbe oksijeni kwenye damu imeshuka vibaya. Ndiyo maana Januari 2021 Shirika la Afya Duniani lilishauri wagonjwa walio nyumbani na wenye hatari ya kuzidiwa wapimwe kwa oksimita, wakiwa na maelekezo na mtu wa kumpigia. Pale mlimani namba hushuka kwa sababu hewa ni nyepesi. Kwa mtu aliyetulia nyumbani kwake Soweto mjini Moshi au Marangu, kipimo cha kawaida ni 95 au zaidi; juu kabisa vijijini kinaweza kupungua kidogo. Kikianza kushuka chini ya 94, piga simu kwa mtoa huduma wa afya na mwandae mgonjwa. Chini ya 90 ni dharura, apelekwe mara moja.

Kifaa kina mapungufu yake. Kidole kikiwa baridi, kama asubuhi za Julai huku juu, kifaa kinadanganya. Pasha kidole moto kwanza. Rangi ya kucha na hina hukizuia kusoma, zifutwe au tumia kidole kingine. Jambo zito zaidi: Desemba 2020 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba vifaa hivi huwapa watu wenye ngozi nyeusi namba nzuri kuliko hali yao halisi, na kwamba upungufu uliofichika uliwapata wagonjwa weusi karibu mara tatu kuliko weupe. Kwa hiyo kwetu, 93 ya oksimita isichukuliwe kama jambo la kusubiri mpaka kesho. Na kama mgonjwa anahangaika lakini namba inasema yuko sawa, mwamini mgonjwa.

Wasio na kifaa wafanyeje? Wahesabu pumzi. Chukua simu, washa saa, tazama kifua au tumbo likipanda na kushuka kwa dakika nzima, mgonjwa akiwa ametulia. Mtu mzima anayepumua zaidi ya mara 30 kwa dakika amezidiwa. Mtoto wa mwaka mmoja hadi mitano, pumzi 40 au zaidi ni hatari. Wa miezi miwili hadi kumi na moja, 50 au zaidi. Mtoto ambaye chini ya mbavu panabonyea ndani kila anapovuta hewa, asiyeweza kunyonya, au aliyelegea, hasubiri hesabu yoyote.

Tuseme bibi wa miaka sabini na tano anaishi Uru, juu migombani, na mjukuu wake. Desemba imefika, wanawe wamepanda mabasi kutoka Dar es Salaam kuja kula Krismasi, mmoja amekuja na mafua. Siku ya tatu baada ya sikukuu bibi anaanza kukohoa. Mjukuu anachukua daftari la shule, anaandika tarehe: siku ya kwanza. Bibi anahamishiwa chumba chenye dirisha linalofunguka. Anapewa panadoli kwa kipimo, maji, chai ya tangawizi akiipenda, mtori mwepesi. Dawa zake za presha haziachwi. Anapelekwa zahanati kupimwa malaria na korona, mapema, si wakati ameshalegea. Asubuhi na jioni mjukuu anahesabu pumzi na kuandika. Na hapo ndipo wengi hukosea: siku ya nne bibi anaonekana ana nafuu, watu wanarudi mjini, daftari linaachwa. Korona ilikuwa na tabia ya kumgeukia mgonjwa kati ya siku ya tano na ya kumi. Daftari lisifungwe kabla ya hapo.

Turudie, kwa waliojiunga nasi sasa hivi. Siku ya ngapi? Pumzi ngapi kwa dakika? Oksijeni ngapi, na inaelekea wapi?

Liko pia suala la usafiri. Kutoka kule juu hadi barabara ya lami wakati wa masika, njia inateleza na bodaboda hazipandi. Mgonjwa anayehema hawezi kukaa juu ya pikipiki akishikilia mgongo wa dereva. Familia iwe na namba ya jirani mwenye gari la Noah tangu siku ya kwanza, ijue hospitali iliyo karibu, iwe Kibosho, Machame, Kilema, Marangu au Huruma kule Rombo, na iulize kabla: je, oksijeni ipo leo?

Na kuna jambo moja ambalo vikundi vyetu vinaweza kulianza wiki hii. Oksimita moja haihitaji daktari wala umeme wa ukutani. Inatumia betri ndogo na mtu anafundishwa kuisoma kwa dakika chache. Jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki, mitaa ya Walutheri, misikiti, vikoba vya akina mama, vyote vina fedha za kuchangia misiba. Kikundi kinunue kifaa kimoja, kimkabidhi mhudumu wa afya ngazi ya jamii wa kitongoji, na namba yake ya simu isomwe mbele ya watu siku ya ibada ili kila nyumba iwe nayo. Waongozaji wa mlima waliostaafu, ambao wamesoma namba hizo kwenye baridi na giza kwa miaka mingi, waombwe waje wafundishe wengine.

Maswali yenu tutayapokea katika kipindi kijacho, pamoja na muuguzi atakayetuonyesha namna ya kuhesabu pumzi za mtoto anayelia.